Kura 11: Barbara Jordan katika Seneti ya Texas

Hotuba hii ilitolewa mjini Houston, mbele ya mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili waliokwisha kuapishwa kuwa raia wa Marekani na wengine wanaojiandaa kuapa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya ndugu ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.

Wazee wetu, mama zetu, kaka zangu na dada zangu, nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuitoa Jumamosi yenu, siku ambayo wengi wenu mngeweza kuitumia kwa saa za ziada kazini. Nimeombwa nieleze kazi ya mbunge wa jimbo. Ningeweza kuwasomea vifungu vya katiba ya Texas, lakini nimeona ni heri niwasimulie habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 6, mzaliwa wa mji huu tunaoishi, aliyekulia katika mtaa ambao baadhi yenu huupita kila asubuhi mkienda kazini. Mtu huyo ni Barbara Jordan.

Jina hilo si geni kwenu. Aliyewahi kushuka katika uwanja wa ndege wa Austin amepita ndani ya jengo lililopewa jina lake, na huenda ameiona sanamu yake. Wengine mmeona ile filamu ya zamani ya Julai 25, 1974, alipozungumza katika Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi la taifa wakati Rais Richard Nixon akikabiliwa na mashtaka ya kuondolewa madarakani. Sauti ile nzito, isiyo na haraka, ilimfanya ajulikane nchi nzima katika usiku mmoja. Lakini mimi nauliza: sauti ile ilikomalia wapi? Ni wapi alikojifunza kuisoma sheria neno kwa neno, kuhesabu kura kabla hazijapigwa, na kuketi na mtu asiyemtaka hadi wakainuka wakiwa wamekubaliana jambo? Ni Austin, katika Seneti ya Texas, alikokaa tangu Januari 1967 hadi mwanzoni mwa mwaka 1973. Huko ndiko ninakotaka twende leo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana sisi tumetoka nchi mbalimbali. Kwa Mtanzania, jimbo ni sehemu inayomchagua mbunge mmoja. Mimi leo nikisema jimbo nakusudia Texas nzima, na ile sehemu inayomchagua mtu mmoja nitaiita wilaya ya uchaguzi. Bunge la Texas lina nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi lenye watu 150, na Seneti yenye watu 31. Hukutana mara moja kila baada ya miaka miwili, katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, na kikao cha kawaida hakizidi siku 140. Mshahara ni dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. Enzi za Jordan ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Kwa hiyo mbunge wa jimbo ni mtu mwenye kazi nyingine: wakili, mkulima, mwenye duka. Katika siku 140 hizo, watu hao 181 huamua mtoto wako afundishwe nini shuleni, mwenye nyumba akutoe kwa masharti gani, na ukivunjika mkono kazini utapata nini.

Nianze na safari ya kukifikia kiti, kwa sababu safari yenyewe ina mafundisho mengi.

Barbara Jordan alizaliwa Februari 21, 1936, katika mtaa wa Fifth Ward. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti ambaye pia alifanya kazi katika ghala. Babu yake mzaa mama, John Ed Patten, aliishi kwa kukusanya na kuuza matambara, magazeti na vyuma chakavu, na mjukuu alipenda kupanda naye kwenye gari lake la kuvutwa na nyumbu. Tazameni jinsi bunge la jimbo lilivyomzunguka mtoto huyu kabla hajajua kwamba lipo. Shule yake ya sekondari, Phillis Wheatley, ilikuwa ya Weusi peke yao kwa sababu sheria za Texas zilitaka hivyo. Chuo alichosoma, ambacho leo tunakiita Texas Southern University, kilianzishwa na bunge la Texas mwaka 1947 baada ya mgawa barua mmoja Mweusi wa Houston, Heman Sweatt, kudai nafasi katika shule ya sheria ya University of Texas, iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Wabunge wakaona ni afadhali waanzishe chuo kizima kuliko kumfungulia mtu mmoja mlango. Katika chuo hicho Jordan alijifunza midahalo chini ya mwalimu wake Tom Freeman. Kisha akaenda kusoma sheria Boston University, akahitimu mwaka 1959, akarudi nyumbani na kuanza uwakili kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake.

Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena, akashindwa tena. Je, alikosa watu? La. Katika mitaa ya Weusi alipata kura kwa wingi. Kilichomshinda ni utaratibu. Kaunti yetu hii ya Harris ilikuwa na viti vingi katika Baraza, lakini kila kiti kilipigiwa kura na kaunti nzima, kwa hiyo mtaa uliomjua mgombea wake ulimezwa na mitaa kumi isiyomjua. Na Seneti? Katiba ya Texas ilisema kaunti moja isiwe na zaidi ya seneta mmoja. Mwaka 1960 Harris ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1 na laki 2, na jimbo lote watu milioni 9 na nusu. Gawanyeni wenyewe kwa viti 31: kila seneta alistahili kusimamia watu kama laki 3. Watu wa mji huu walistahili maseneta wanne, wakapewa mmoja.

Juu ya hayo kulikuwa na kodi. Wazee mliomo humu mnaikumbuka kodi ya kichwa, au mlisimuliwa na wazazi wenu, ile ambayo serikali ya kikoloni ilimtoza mtu kwa kuwa tu ana kichwa juu ya mabega. Texas nayo ilikuwa na kodi ya kichwa tangu mwaka 1902, lakini hapa risiti yake ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kupiga kura. Ilikuwa dola 1 na senti 50, na kaunti iliruhusiwa kuongeza senti 25. Ilipaswa kulipwa kabla ya Januari kwisha, miezi mingi kabla ya uchaguzi, wakati ambapo kwa familia ya mfanya kazi za ndani au mvuna pamba senti zile zilikuwa chakula. Aliyechelewa alikaa kimya mwaka mzima.

Mambo matatu yalibadilika kwa karibu sana. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba nyumba zote mbili za bunge la jimbo lazima zichaguliwe kwa wilaya zenye watu wanaokaribiana kwa idadi. Texas ikalazimika kuchora ramani mpya, na Fifth Ward ikajikuta ndani ya Wilaya ya 11 ya Seneti. Februari 1966, mahakama ya shirikisho ikaifuta ile kodi katika chaguzi za jimbo. Mei mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic. Mpinzani wa Jordan, mbunge Mzungu mwenye uzoefu, alisambaza karatasi iliyouliza kama Mzungu anaweza kushinda katika wilaya ile. Jordan akawajibu wapiga kura kwamba safari hii hawezi. Na hakuweza, Jordan alimwacha mbali sana.

Ndugu zangu, huwa tunasema Barbara Jordan alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika bunge la Texas, na ni kweli. Lakini hakuwa mtu Mweusi wa kwanza. George Ruby na Matthew Gaines walikaa katika Seneti hiyo mwaka 1870, miaka mitano tu baada ya utumwa kwisha. Wa mwisho, Walter Burton, aliondoka mwaka 1883. Babu wa mama yake Jordan mwenyewe, Edward Patton, alikuwa katika Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1891. Baadaye mlango ukafungwa kwa sheria, kwa kodi na kwa bunduki, hata mtoto wa Fifth Ward akakua bila kumwona seneta anayefanana naye. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi tunadhani haki ikishapatikana imepatikana. Watu wa Texas waliwahi kuwa nayo, wakanyang'anywa, na ikawachukua miaka 83 kukirudisha kiti kimoja.

Sasa tuingie ndani.

Januari 10, 1967, Jordan aliapishwa. Ukumbini walikuwamo maseneta 30, wote wanaume, hakuna Mweusi hata mmoja, na yeye. Jukwaa la juu lilijaa watu waliosafiri kutoka Houston kuja kumshuhudia mtoto wao. Mngekuwa nyinyi, mngefanya nini siku ya kwanza? Wengi wetu tungesimama tukatoa hotuba ya moto, na watu wa jukwaa la juu wangelia machozi ya furaha, kisha wangepanda gari kurudi Houston na kumwacha mtu wao na wale 30. Jordan alinyamaza. Alikaa akasoma kanuni za Seneti. Akatazama nani anakaa na nani, nani anadaiwa na nani, nani akisema jambo linafuatwa. Alimtambua Dorsey Hardeman wa San Angelo, mhafidhina ambaye hakuna aliyezijua kanuni kama yeye, akamwendea. Hakumwendea kumbembeleza. Alimwendea kama mwanafunzi mwenye akili anavyomwendea fundi, na yule fundi akamheshimu.

Wako watakaosema kwamba huo ndio ule mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi sikubaliani nao. Anayebusu mkono anaondoka akiwa vile vile alivyokuja, ila ameinama. Jordan aliondoka na maarifa, na nitawaonyesha aliyatumia vipi.

Hotuba yake ya kwanza ukumbini aliitoa mwezi Machi, akipinga mswada wa kuiruhusu miji kutoza kodi ya mauzo. Alieleza kwamba kodi ya namna hiyo inamuumiza maskini zaidi, kwa sababu maskini hutumia karibu kila senti anayopata. Alisema vizuri, watu wakamsikiliza. Kisha mswada ukapita. Mkienda leo kununua viatu hapa Houston, katika ile asilimia 8 na robo mnayokatwa imo asilimia 1 ya mji, nayo chanzo chake ni sheria ile ya mwaka 1967. Kwa hiyo msidhani ufasaha peke yake ulimfikisha popote. Hotuba yake ya kwanza ilikuwa nzuri, na alishindwa.

Alishinda pale alipohesabu. Kisa chake naomba mnisikilize kwa makini, maana ndicho kilichonifanya nichague habari hii.

Seneti ya Texas ilikuwa na kanuni kwamba miswada ijadiliwe kwa kufuata foleni. Lakini mwanzoni mwa kila kikao kulikuwa na desturi ya kuweka mbele ya foleni mswada ambao hakuna aliyekusudia kuujadili, mfano wa lori bovu lililoegeshwa langoni. Kila aliyetaka mswada wake upite ilimbidi aombe kanuni iwekwe kando ili aruke lile lori, na kwa ombi hilo alihitaji theluthi mbili ya waliopo. Theluthi mbili ya watu 31 ni 21. Basi hesabuni upande wa pili: watu 11 wakishikamana, hakuna anayepita. Watu 11, katika nyumba ya watu 31, wanatosha kuuzuia mswada usijadiliwe hata kwa dakika moja.

Ukaja mswada wa kuongeza masharti ya kujiandikisha kupiga kura. Ile kodi ya kichwa ilikuwa imezikwa juzi tu, na sasa wako waliotaka kuirudisha katika nguo nyingine. Jordan hakuitisha mkutano wa waandishi wa habari. Alianza kupita, dawati moja hadi jingine. Huyu alimkumbusha kwamba alimsaidia katika jambo la wilaya yake. Yule alimweleza kwamba wapiga kura wake maskini, hata kama ni Wazungu, wataumia pia. Mwingine alikuwa rafiki, akamwomba tu. Mwishoni alikuwa na ahadi 10, na ya 11 ilikuwa yake mwenyewe. Mwenye mswada alipotazama hesabu, alijua hana pa kupita. Mswada ukafa bila kujadiliwa, bila hotuba, bila picha katika gazeti. Wapo watu walioendelea kupiga kura katika jimbo hili bila kujua kwamba kuna siku mwanamke mmoja alizunguka madawati 10 kwa ajili yao.

Nawaomba mzingatie na jambo hili: ngao ile ya kura 11 haipo tena. Mwaka 2015 Seneti ilipunguza idadi inayotakiwa kutoka 21 hadi 19, na mwaka 2021 ikaipunguza tena hadi 18. Kanuni za nyumba hupigiwa kura mwanzoni mwa kikao, wakati ambapo sisi wengine hatujajua hata kwamba kikao kimeanza.

Nije kwenye jambo linalowagusa wengi wenu mwilini. Mwaka 1969 Texas ilipata sheria yake ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara, dola 1 na senti 25 kwa saa, kwa ajili ya wale ambao sheria ya taifa iliwaacha nje. Jordan alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo. Alikuwa akiwafikiria wafua nguo, watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani, yaani wanawake wa Fifth Ward aliowajua kwa majina. Mwaka huo huo alishughulikia fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Kiwango cha juu kilikuwa dola 35 kwa wiki, na kilikuwa hakijapanda kwa miaka 12. Vyama vya wafanyakazi vilitaka hiki, makampuni ya bima yakataka kile. Jordan aliketi kati yao hadi wakafika dola 49. Ni kweli, dola 49 hazikuwa nyingi hata wakati ule. Wako waliosema angeshikilia zaidi. Lakini mtu aliyevunjika mguu alipata nyongeza ya dola 14 kila wiki, mwaka ule ule, wala hakuambiwa asubiri ushindi kamili.

Mimi nazielewa dola 14 hizo. Mwaka niliofika nchi hii nilifanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja, kama wengi wenu mnavyofanya leo. Usiku mmoja mgongo wangu ulishtuka nikiwa nimebeba sanduku, nikaanguka. Nilikaa nyumbani wiki 7. Nilipouliza habari za fidia, niliambiwa kwamba mwajiri wangu hakujiunga na mpango wa fidia, na kwamba sheria haimlazimishi. Nikadhani ninadanganywa kwa kuwa mimi ni mgeni. Sikudanganywa. Katika Texas mwajiri wa kampuni binafsi anaruhusiwa kuchagua kujiunga au kutojiunga, ingawa asiyejiunga ana wajibu wa kuwaarifu wafanyakazi wake, na anaweza kushtakiwa mahakamani kwa uzembe wake. Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni, wala haikutoka Washington. Ilitungwa Austin, na watu wenye majina na anwani. Kabla ya usiku ule sikuwa nimewahi kujiuliza seneta wangu wa jimbo ni nani. Mlio na kazi za maghala, za kuwalea wazee na za kusafisha ofisi, ulizeni kesho kama mwajiri wenu amejiunga. Ulizeni mkiwa bado wazima.

Wenzake wa Seneti walimwonaje Jordan? Katika kikao chake cha kwanza walimpigia kura ya heshima kama mjumbe mpya bora. Machi 1972 walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, cheo kinachofuata baada ya naibu gavana. Mwaka huo pia wananchi wa Texas walipitisha badiliko la katiba ya jimbo linalokataza ubaguzi wa kijinsia mbele ya sheria, ambalo yeye na Frances Farenthold wa Baraza la Wawakilishi walikuwa wamelipigania bungeni.

Sasa sitakuwa mkweli kwenu nikisimulia mazuri tu.

Baada ya hesabu ya watu ya mwaka 1970 ilibidi mipaka ichorwe upya, na Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia kazi hiyo. Houston ikapata wilaya mpya ya Kongresi ya taifa, Wilaya ya 18, ambayo mtu kama yeye angeweza kuishinda. Lakini katika ramani mpya ya Seneti ya jimbo, kura za Weusi wa Houston ziligawanywa hata ikawa vigumu kwa Mweusi mwingine kumrithi. Curtis Graves, aliyeingia Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka ule ule wa 1966, alimshutumu hadharani kwamba ameuza kiti cha Seneti ili apate kiti cha Kongresi. Akagombea dhidi yake mwaka 1972, na Jordan akamshinda kwa kishindo.

Nani alikuwa na haki? Nimelifikiria swali hili kwa miaka. Wapiga kura walikwisha jibu kwa upande wao, na Jordan alipofika Washington alifanya kazi ambayo hakuna anayeweza kuibeza. Mwaka 1975 aliongoza juhudi za kuipanua Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iwalinde watu wa lugha nyingine, na ndiyo sababu karatasi za kura za Harris leo zipo pia kwa Kihispania, Kichina na Kivietinamu. Kiswahili hakimo katika lugha za sheria hiyo, lakini mzee wetu asiyeweza kusoma Kiingereza ana haki ya kuingia na mtu wa kumsaidia anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Hayo yote ni kweli. Na hili nalo ni kweli: Jordan alipoondoka Austin, Seneti ya Texas ilikaa miaka 10 bila mtu Mweusi hata mmoja, hadi Craig Washington alipoingia mwaka 1983. Naona Graves alikuwa ameona jambo la kweli. Namheshimu Jordan kuliko mwanasiasa yeyote wa jimbo hili, na bado nasema deni lile lilikuwepo, na walioachwa nyuma ndio waliolilipa.

Nimalizie na siku moja.

Texas ina desturi kwamba gavana na naibu wake husafiri nje ya jimbo siku moja, ili rais wa muda wa Seneti awe gavana kwa siku hiyo. Siku ya Jordan ilikuwa Juni 10, 1972. Gavana Preston Smith na naibu wake Ben Barnes waliondoka, na binti wa Fifth Ward akaapishwa, mwanamke Mweusi wa kwanza katika historia ya Marekani kushika madaraka ya gavana wa jimbo. Watu wa Houston walijaa tena, kama walivyojaa mwaka 1967. Baba yake alikuwapo. Yule mhubiri aliyepanga mizigo ya watu ghalani, aliyelipa kodi ya kichwa ili apige kura, aliingia katika jengo la bunge kama baba wa gavana. Siku hiyo hiyo akashikwa na ugonjwa humo humo Austin, akakimbizwa hospitalini, na kesho yake akafariki. Binti aliisimamia ile siku hadi ikaisha, kisha akaenda kumzika baba yake.

Barbara Jordan mwenyewe alifariki Januari 17, 1996, akazikwa katika makaburi ya jimbo kule Austin, mwanamke Mweusi wa kwanza kuzikwa humo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Kabla ya maswali, nina ombi. Wale mliokwisha kujiandikisha, toeni kadi zenu za kupigia kura. Kwenye kadi kuna namba ya wilaya yenu ya Seneti ya Texas na ya Baraza la Wawakilishi, mbali na ile ya Kongresi. Nitapita meza kwa meza pamoja na vijana wangu hawa wawili, na tutatafuta jina la seneta wa kila namba. Ambao ni raia na hawajajiandikisha, fomu ziko kwa dada aliyeketi karibu na mlango. Mwisho wa kuzipeleka ni siku 30 kabla ya uchaguzi. Mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja habari za mgongo wangu. Tuanze na yeye.